Usingizi Umekwisha, Dawa Bado Imo Mwilini

Ami yangu huendesha boti ya abiria kati ya Mokowe na kisiwa cha Amu (Lamu). Mwaka jana alikaza misuli ya mgongo, daktari akamwandikia diazepamu, dawa ya kulegeza misuli ambayo pia husinziisha, kidonge kimoja usiku. Siku ya nne alikimeza saa tatu, akalala, akaamka alfajiri akaswali, akanywa kahawa yake ya tangawizi, akashuka gatini. Alipotia mguu botini, ulikosa ubavu wa boti kwa kadiri ya shibiri moja. Maji yalikuwa yamejaa, na baharia wake alimdaka mkono kabla hajaingia baina ya boti na gati. Saa moja baadaye alinipigia simu, sauti bado nzito: "Mwanangu, mbona usingizi niliumaliza?"

Swali hilo huliskia karibu kila wiki katika duka la dawa ninakofanya kazi, na ndilo lililonifanya niandike.

"Nikishaamka, dawa imekwisha"

Usingizi huisha, dawa haiishi nao. Mwili huchukua kati ya saa 20 na 50 kuondoa nusu tu ya diazepamu iliyomo damuni. Tena ini linapoivunja, hutoa kitu kingine chenye uwezo huohuo wa kusinziisha, nacho hukaa muda mrefu kuliko dawa yenyewe. Kwa hiyo kidonge cha Jumatatu hukikuta cha Jumanne, na cha Jumatano huvikuta vyote viwili. Ndiyo maana Ami hakuona chochote siku ya kwanza, na siku ya nne mguu ukamsaliti.

Si dawa zote za usingizi zinazokaa hivyo. Zolpidemu huondoka upesi zaidi, lakini hata hiyo, mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dozi iliyopendekezwa kwa wanawake ipunguzwe kwa nusu, kwa kuwa asubuhi ilikuwa bado imebaki damuni kwa kiasi cha kuharibu uendeshaji wa gari. Anayeshika usukani wa boti, bodaboda au tuktuk, anayepanda mnazi, au anayesimama mbele ya mafuta ya moto akikaanga viazi karai, amuulize daktari siku ileile anapoandikiwa: "Kesho nifanye kazi au nisifanye?" Ami alirudi kwa daktari, dozi ikabadilishwa, na boti akamwachia mwanawe mpaka dawa ikamalizika. Alinuna wiki nzima. Heri kununa.

"Kahawa au miraa huiondoa"

Huondoa hisia ya usingizi tu. Macho yatafunguka, lakini mizani ya mwili na wepesi wa kuamua havirudi kwa sababu hiyo, na anayejiona yuko macho ndiye anayejihatarisha zaidi. Nawaona vijana wanaotafuna mpaka usiku wa manane barazani, kisha asubuhi wanakuja kuomba kidonge "chenye nguvu zaidi" kwa kuwa cha kwanza hakikuwalaza. Kidonge hakina kosa. Miraa ndiyo iliyofukuza usingizi, na kuongeza dawa juu yake ni kuuvuta mwili huku na huku.

"Nimeandikiwa na daktari, kwa hiyo haiwezi kunizoeza"

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu nimeona watu wema wakiumia kwa aibu. Wengi wanadhani mazoea ni ya wale wanaonunua vidonge kichochoroni kwa jina la bugizi. Mwili haujui kidonge kimetoka kwa nani. Ukitumia diazepamu au ndugu zake kila siku kwa wiki kadhaa, hata kwa kufuata maandishi ya daktari barabara, ubongo huizoea. Ndiyo sababu kwa wasiwasi na kukosa usingizi huandikwa kwa muda mfupi, wiki 2 hadi 4, na mwaka 2020 Marekani iliongeza onyo kali kuhusu mazoea kwenye kundi lote la dawa hizi.

Basi mtu akigundua amezoea, hushtuka, akazitupa zote chooni siku hiyohiyo. Hilo ni kosa la pili, na mara nyingine ni baya kuliko la kwanza. Kuacha ghafla baada ya kuzoea huleta jasho, mikono kutetemeka, hofu isiyo na sababu, usiku kucha bila lepe la usingizi, na kwa baadhi ya watu degedege. Daktari hupunguza kidogo kidogo, kwa wiki au miezi. Kumwambia "nimezoea" si kujivunjia heshima.

Ramadhani huzidisha jambo hili la kuacha ghafla. Mwenye kutumia fenobabitoni, dawa nyingine ya kusinziisha, kwa kifafa asiiache kwa ajili ya saumu, maana kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu. Dawa ya mara moja kwa siku mara nyingi huweza kupangwa usiku, ila muone daktari kabla mwezi haujaandama.

"Bibi hapati usingizi, mpe nusu ya changu"

Tafadhali, usimpe. Ini la mzee hufanya kazi taratibu, na nusu yako kwake huweza kuwa dozi nzima. Nyumba zetu za mawe zina ngazi za wima na vidato visivyolingana. Bibi akiamka saa nane za usiku kwenda chooni, akakosa kidato kimoja, nyonga inavunjika. Na ule usahaulifu unaomjia ghafla, akiwaita wajukuu kwa majina ya watoto wake, huenda si uzee bali ni kidonge. Mama anayenyonyesha naye aseme mapema, kwa kuwa dawa huingia kwenye maziwa na mtoto akawa mlegevu, hataki kunyonya.

"Kidogo cha mnazi hakina neno"

Kina neno. Pombe na dawa hizi kwa pamoja hupunguza pumzi. Hali ni hiyo hiyo kwa tramadoli ya maumivu, methadoni wanayopewa wanaoacha heroini, na sirapu ya kikohozi yenye kodeini, na hata Piriton ya mafua huongeza usingizi. Taja kila unachomeza, pamoja na ulichopewa na jirani.

"Aliyezidisha apewe maziwa"

Nimewaona wazazi wakimminia mtoto maziwa kwa kijiko huku kichwa kimelegea. Koo lililolala halimezi: maziwa huingia mapafuni. Usimnyweshe chochote, usimtapishe. Mlaze ubavu, kidevu kikiinuliwa kidogo, utazame kifua kinavyopanda na kushuka. Akiwa haamki, anapumua kwa taabu au midomo inageuka rangi, usingoje asubuhi, hata kama mko Pate na lazima itafutwe boti. Mtu mmoja akae naye njiani akimtazama pumzi. Na pakiti ya vidonge, hata ikiwa tupu, itieni mfukoni, maana jina lililoandikwa pale ndilo daktari atakalolitaka kwanza.