Kamera ndogo ya bei nafuu: yanayosemwa Ngamiani na ukweli wenyewe

Kamera ndogo za kidijitali, zile za kutia mfukoni, zimerudi mikononi mwa vijana. Viwandani hazijarudi kwa kiasi kile. Mwaka 2010 kampuni za Japani zilisambaza duniani zaidi ya kamera milioni 100 za aina hii; mwaka 2023 hazikufika hata milioni 2. Ndiyo maana nyingi za bei nafuu utakazokutana nazo Ngamiani, mjini Tanga, ni za mtumba au za kununua mkononi kwa mtu. Karatasi ya maelezo haipo, muuzaji ndiye anayekueleza, na maneno yake mengi hayana miguu.

"Megapikseli nyingi ndiyo kamera nzuri."

Hii ndiyo baba lao. Megapikseli ni hesabu ya vitone vinavyounda picha, basi. Picha ya albamu ya inchi 4 kwa 6, ukienda kuisafisha studio, inataka megapikseli 2 na ushei. Ukurasa wa A4 unataka karibu 9. Kamera ya mwaka 2009 yenye megapikseli 10 inatosha mpaka picha ya kutundika sebuleni.

Cha kuuliza ni sensa, kile kibamba kilichojificha nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga. Kamera nyingi za bei nafuu zina sensa ya takriban milimita 6.2 kwa 4.6, ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Sony RX100 iliyotoka 2012 na Canon G7 X ya 2014 zina sensa ya milimita 13.2 kwa 8.8, eneo lake mara nne. Kibamba kidogo ukikibandika vitone milioni 20, kila kitone kinaambulia mwanga kiduchu, na usiku picha inajaa chengachenga. Nikiwekewa kamera mbili zenye sensa sawa, moja ya megapikseli 10 na nyingine 20, kwa ajili ya hizo 20 siongezi hata shilingi.

Na kuna zile mpya kabisa, boksi linang'aa, jina hulijui, zimeandikwa megapikseli 48 na zumu mara 16. Iwashe uitazame lenzi. Kama haitoki wala haiingii, hiyo zumu ni ya kidijitali: kamera inakata katikati ya picha na kuitanua. Megapikseli nazo mara nyingi zimetanuliwa hivyo hivyo na programu. Mrudishie mwenyewe.

"Kamera yoyote inaishinda simu."

Thubutu. Simu nyingi za bei ya kati leo zina sensa kubwa kuliko hizi kamera ndogo, na hupiga fremu kadhaa kwa mpigo kisha kuziunganisha. Mchana kweupe, mkijipiga na wenzako pale Bustani ya Jamhuri kando ya bahari, simu inashinda na mjadala umekwisha.

Kamera inadai haki yake kwenye mambo mawili. Simama hapo hapo bustanini uivute meli iliyotia nanga au miti ya kisiwa cha Toten: lenzi inasogea kweli, wakati simu isiyo na lenzi ya mbali inakata na kutanua tu. La pili ni flashi. Ya kamera ni mmweko wa kufumba na kufumbua, unaomgandisha shangazi akiwa katikati ya mauno harusini. Ya simu ni tochi tu. Shangazi anatoka na mikono sita.

"Flashi ikiwepo, giza si tatizo."

Wanaokwenda Mapango ya Amboni na imani hii hurudi na picha nyeusi. Flashi ya kamera ndogo hufika mita 3 au 4 hivi. Ikielekezwa kwenye dari ya pango inapotelea njiani, na unachopata ni vumbi la karibu na lenzi liking'aa kama vidoa vyeupe.

Wengine wakiona giza huvuta zumu, wakaharibu zaidi. Kwenye kamera hizi lenzi ikiwa haijavutwa huwa na tundu la takriban f/3. Ukiivuta mpaka mwisho linakuwa f/6 hivi (namba ikipanda, tundu limebana), na hapo mwanga unaoingia umebaki robo. Kwa hiyo zumu irudishe yote, zima flashi, iweke kamera juu ya jiwe, tegesha ijipige baada ya sekunde 2, na kama inaruhusu, ipe sekunde nzima au zaidi ya kukusanya mwanga. Mwombe mtembeza wageni apitishe tochi yake ukutani taratibu. Popo, tafadhali, usiwapige flashi, wamelala.

"Kodak ni ileile ya studio za zamani."

Kodak waliacha kutengeneza kamera za kidijitali mwaka 2012, walipofilisika. Kodak PIXPRO za leo zinatengenezwa na JK Imaging kwa leseni ya jina. Si mbaya kwa mtu anayeanza, lakini jina lisikuuzie. Vivyo hivyo hadithi kwamba sensa za zamani, za aina iitwayo CCD, ndizo zenye rangi tamu: rangi hutegemea zaidi namna kamera ilivyopangwa kuichakata picha.

"Ikiwaka, ni nzima."

Kwa mji wa bahari, hapana. Chumvi na mchanga wa ufuko wa Raskazone vinapenda sana mapengo ya lenzi inayotoka na kuingia. Iwashe na kuizima mara kadhaa, ivute zumu mpaka mwisho, sikiliza kama inakwaruza. Mulika lenzi kwa tochi utafute utando wa kuvu. Piga ukuta mweupe zumu ikiwa imevutwa: vidoa vinavyokaa pale pale kila picha ni vumbi lililoingia ndani, na kulitoa ni kuifungua kamera nzima.

Kisha kadi. Kamera nyingi za kabla ya 2006 hazisomi kadi za SDHC, yaani za GB 4 na kuendelea. Zinataka SD ya GB 2 au chini. Olympus na Fujifilm za miaka hiyo nyingi hutumia kadi za xD, na Sony za kabla ya 2010 Memory Stick, ambazo kuzipata ni kusaka. Usilipe kabla kadi na chaja hazijawa mezani. Kamera za betri za AA zina nafuu kwa kuwa betri zipo kila kioski, ila zile za bei ya chini huisha baada ya picha chache. Nunua za kuchaji, jozi mbili.