Redio nyingi si sauti nyingi

Kwa muuza kahawa pale Ngamiani, Tanga, kuna hoja isiyochuja: tangu serikali iache kutangaza peke yake, upendeleo umekwisha, maana ukichoshwa na redio moja unahamia nyingine.

Nusu yake kweli. Sheria ya Utangazaji ya 1993 ilifungua mlango, na 1994 Radio One na televisheni ya ITV zikaingia hewani. Ila zote mbili ni za kundi moja la kampuni, IPP, lenye pia magazeti ya Nipashe na The Guardian. Majina manne, mfuko mmoja. Sisemi walimpendelea mtu. Nasema kuhesabu majina si kuhesabu wenye mali.

Marekani jambo hili lilionekana wazi zaidi. Sheria ya 1996 iliondoa kikomo cha idadi ya redio ambazo kampuni moja ingemiliki nchi nzima. Clear Channel, iliyokuwa na vituo kama 40, ikaja kupita 1,200. Vituo havikupungua; wenye mali ndio walipungua.

Halafu kuna wanaodhani mizani ni dakika sawa kwa sawa. Mpe mgombea mmoja dakika kumi baada ya taarifa ya saa mbili usiku, na mwenzake dakika kumi saa tisa usiku, wavuvi wa Deep Sea, Tanga, wako majini na mji umelala. Saa itasema sawa. Mtangazaji naye akimkatiza mmoja kila sentensi, mwingine akamwachia amalize, hilo halimo kwenye saa kabisa.