Modeli ya mtumiaji si profaili

Vijana wa Tanga wanaojenga mifumo kwa Django, zana ya lugha ya Python ya kujengea tovuti, wameongezeka, na ni jambo la kufurahisha: mfumo wa SACCOS ambao zamani ungeagizwa Dar es Salaam, leo unaandikwa Chumbageni. Lakini kuna dhana moja inayosemwa ovyo, na nimeisikia mara nyingi mno. Mtu anaunda jedwali lenye picha, anwani na jinsia, analifunga kwenye `User`, mtumiaji anayekuja na Django, kwa `OneToOneField` (kiungo cha mmoja kwa mmoja), halafu anatangaza kwamba ametengeneza modeli yake mwenyewe ya mtumiaji, yaani klasi inayoeleza jedwali la watumiaji. Alichotengeneza ni profaili, jedwali la habari za ziada za mtu. Ni kazi halali, ila ni kazi nyingine.

Modeli ya mtumiaji ni ile ambayo Django huitazama mtu anapotaka kuingia: huyu ni nani, na nywila yake ni ipi. Ukitaka iwe yako, unaandika klasi inayorithi `AbstractUser` au `AbstractBaseUser`, klasi za msingi zinazokuja na Django, kisha kwenye faili la settings (mipangilio ya mradi) unaandika `AUTH_USER_MODEL = 'accounts.User'`, ambapo `accounts` ni jina la app yako. Basi. Bila mstari huo, Django itaendelea na `auth.User` yake hata ukiizungushia majedwali kumi.

Mkanganyiko huu una historia, na ukiijua hutawalaumu sana wanaokosea. Django ilianzia kwenye gazeti la Lawrence Journal-World, katika jimbo la Kansas, Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2005. Ilikuja na mtumiaji aliyekwisha kutengenezwa: jina la kuingilia, jina la kwanza, la mwisho, barua pepe, nywila. Jina la kuingilia lilikuwa na kikomo cha herufi 30, kwa hiyo aliyetaka watu waingie kwa barua pepe alikwama pale anwani ilipokuwa ndefu. Na hapakuwa na njia rasmi ya kumbadilisha mtumiaji huyo. Njia iliyokuwepo ilikuwa kumwekea jedwali la pembeni, kulitaja kwenye `AUTH_PROFILE_MODULE`, kisha kuliita kwa `get_profile()`. Profaili ikawa jibu la kila swali kuhusu watumiaji, na masomo mengi yakaandikwa hivyo.

Toleo la 1.5, Februari 2013, ndilo lililoleta `AUTH_USER_MODEL`. Toleo la 1.7, mwaka 2014, likaondoa kabisa `get_profile()`. Jina la kuingilia lenyewe lilirefushwa hadi herufi 150 kwenye toleo la 1.10, mwaka 2016. Lakini mazoea hayafutwi na toleo jipya. Mwanafunzi anafundishwa na aliyefundishwa kabla ya 2013, naye anaipokea profaili kana kwamba bado ndiyo mlango pekee.

Swali la kutenganisha vitu hivi viwili ni moja: je, habari hii inahitajika ili mtu atambuliwe anapoingia? Chukua mfumo wa wachuuzi wa soko la samaki la Deep Sea, Tanga. Wachuuzi wengi barua pepe wanaifungua siku ya kununua simu, kisha wanaisahau pamoja na nywila yake. Namba ya simu ndiyo wanayoijua kwa moyo. Basi namba iwe `USERNAME_FIELD`, safu anayotambuliwa nayo mtu anapoingia, na hapo umegusa modeli ya mtumiaji. Lakini anauza kibua au pweza, meza yake iko wapi, anakaa barabara ya ngapi Ngamiani, hayo hayamwingizi mtu kwenye mfumo. Hayo ni ya profaili. Tena mtu mmoja anaweza kuwa muuzaji na mnunuzi: profaili mbili, mtumiaji mmoja. Ukiyasukumia yote ndani ya `User` kwa kuwa sasa unajua kuibadilisha, umekosea upande wa pili.

Kuna wanaosema profaili inatosha hata kwa namba ya simu, kwa sababu unaweza kuandika bakendi ya uthibitishaji, msimbo unaohakiki anayeingia, itakayoitafuta namba huko. Ni kweli, inafanya kazi. Ila safu ya `username` inabaki palepale, inadai kujazwa, na inadai isijirudie, nawe utaanza kubuni majina ambayo hakuna mtu atakayeyatumia. Mimi naona ni afadhali kurithi `AbstractUser`, kuandika `username = None`, na kuandika meneja wako (klasi inayounda watumiaji) mwenye `create_user` na `create_superuser` zinazopokea simu, maana meneja wa kawaida bado atadai `username`.

Na `USERNAME_FIELD` isichanganywe na ufunguo mkuu wa jedwali, safu inayotambulisha kila mstari wake. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake huweza kupewa mtu mwingine. Ufunguo mkuu ubaki `id`, simu iwe safu ya kipekee inayoweza kubadilishwa. Halafu namba zote zihifadhiwe kwa mtindo mmoja, kwa +255, kwa sababu databesi haijui kwamba iliyoanza na sifuri na iliyoanza na +255 ni ya mtu yuleyule. Itawasajili wawili.

Lililobaki ni wakati. Jahazi halitiwi mkuku likiwa limeshashushwa majini, na `AUTH_USER_MODEL` huwekwa kabla ya `migrate` ya kwanza, amri inayojenga majedwali kwenye databesi. Jedwali la kumbukumbu za admin (kurasa za usimamizi) linamwelekea mtumiaji, majedwali yanayomuunganisha na vikundi na ruhusa yanamwelekea, na majedwali yako mwenyewe pia. Ukibadilisha katikati, Django itakusimamisha kwa `InconsistentMigrationHistory`: migresheni (hatua ya kujenga majedwali) ya admin imeshapita kabla ya ile ya `accounts` ambayo sasa inaitegemea. Kurekebisha kunawezekana, kwa mkono na kwa subira nyingi. Ndiyo maana ni afadhali kuweka modeli yako tangu mwanzo hata kama ile ya kawaida inakutosha. Ni mistari miwili, `class User(AbstractUser):` na `pass`. Kisha kwenye modeli nyingine umtaje mtumiaji kwa `settings.AUTH_USER_MODEL`, na kwingineko kwa `get_user_model()`.

Kwa hiyo, mdogo wangu, mteja akikuuliza kama mfumo una modeli yake ya mtumiaji, fungua faili la settings kwanza. Kama `AUTH_USER_MODEL` haimo, mwambie umemwekea profaili. Na kama anataka wateja wake waingie kwa simu, mweleze mapema, kabla data haijaanza kuingia.