Jua la utosi la Oktoba na lile la Februari

Uani kwangu hapa Lubumbashi nimesimamisha kijiti cha mita moja, kimenyooka sawasawa. Jua likifika kileleni napima kivuli chake. Juni 21 kivuli ni sentimita 70, kimelala upande wa kusini, kwa kuwa jua lenyewe liko kaskazini yetu. Desemba 21 ni sentimita 21 tu, na kimegeukia kaskazini. Katikati ziko siku mbili ambazo kivuli hakionekani: karibu Oktoba 24 na karibu Februari 17. Siku hizo tuna jua la utosi.

Jirani yangu, mama anayeuza makala (mkaa wa kupikia), aliponiona nimechuchumaa na rula akaniuliza: "Papa, kama siku hizo mbili jua ni lile lile, sababu gani Oktoba inatuunguza na Februari haituunguzi?" Kazi yangu ni hali ya hewa, na swali hilo nalipenda kuliko yote niliyowahi kuulizwa.

Nilianza kwa kumwondolea wazo moja ambalo wengi hapa wanalo, kwamba baridi ya Juni na Julai inaletwa na jua kuwa mbali. Kweli, mapema Julai Dunia iko mbali na jua kuliko siku zote, kilomita milioni 152, na mapema Januari iko karibu kuliko siku zote, milioni 147. Lakini Julai hiyo hiyo ndugu zetu walioko Ubelgiji wanatokwa jasho! Kinachobadili majira ni mhimili wa Dunia, ambao umeinama nyuzi 23.4. Mwezi wa Juni upande wa kaskazini ndio unaolielekea jua. Sisi, nyuzi 11 na dakika 40 kusini mwa ikweta, tunapata miale ya mshazari inayotandazwa kwenye eneo kubwa zaidi, na adhuhuri kila mita ya mraba hupokea kama asilimia 82 ya ambacho ingepokea jua likiwa utosini.

Hiyo bado ni nishati nyingi, na ndiyo maana mchana wa Julai unapendeza. Baridi kali ni ya alfajiri. Usiku ardhi hurudisha joto lake juu kwa miale isiyoonekana kwa macho, na mawingu na mvuke ndivyo vinavyolizuia. Kiangazi, yaani majira yetu yasiyo na mvua, upepo wa kusini mashariki unatuletea hewa kavu, mbingu iko wazi, nasi tuko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Joto linaponyoka lote.

Sasa Oktoba. Udongo umekauka tangu Mei. Jua likipiga, karibu nishati yote inaishia kupasha udongo, lami, mabati na hewa tunayovuta. Februari udongo umelowa na majani yamejaa, kwa hiyo sehemu kubwa ya nishati hiyo inatumika kugeuza maji kuwa mvuke. Nilimwonyesha mama kwa mbabula yake, lile jiko la makala. Sufuria ya maji inachemka mapema, lakini kuikausha inakula makala mengi. Joto la kugeuza lita moja kuwa mvuke ni zaidi ya mara 6 ya lile la kuitoa nyuzi 20 mpaka ichemke. Alicheka, maana hasara hiyo anaijua. Ongeza mawingu ya Februari yanayorudisha miale kabla haijatufikia.

Joto lililomezwa na mvuke halikupotea. Mvuke ukipanda na kuwa matone, linaachiliwa huko juu na kuzidi kuisukuma hewa ipande. Ngurumo zetu za alasiri zinapata nguvu hapo. Mkanda wa mvua nao hulifuata jua likishuka kusini, ila kwa kuchelewa, na mvua zenyewe hushika sawasawa kwetu Novemba. Katika kuchelewa huko ndiko Oktoba inakotuchoma: jua limefika, mawingu bado.

Aliniuliza pia kama jua limeongezeka ukali. Hapana. Setilaiti zinalipima tangu mwisho wa miaka ya 1970, na nguvu yake hupanda na kushuka kwa takriban asilimia 0.1 tu, katika mzunguko wa miaka 11 hivi. Kilichoongezeka ni kabonidayoksaidi, kutoka sehemu 280 katika milioni kabla ya viwanda hadi zaidi ya 420 sasa, na hiyo huzuia joto lisitoke. Hapa kwetu kuna jambo jingine linaloniuma. Miti mingi ya miombo huchipua majani kabla ya mvua, mizizi yake ikivuta maji ya chini, na hivyo inapoza hewa katika Oktoba yenyewe. Tumeikata mbali sana kuuzunguka mji. Nilimwambia hivyo mama wa makala bila kumlaumu, maana hata mimi napikia makala yake.

Oktoba 24 atakuja kukiangalia kijiti, saa sita kasoro dakika 6, jua likifika kileleni. Februari itakuwa saa sita na dakika 24, mawingu yakituruhusu.