Dawa ya wasiwasi haiachwi kwa siku moja

Wengi huamini kwamba dawa ya kutuliza wasiwasi inaweza kuachwa siku yoyote mtu akipata nafuu, na kwamba kuikata ghafla ndiyo njia ya kukwepa uraibu. Inaeleweka, Panadol tunaiacha hivyo hivyo kichwa kikitulia.

Diazepam, lorazepam na alprazolam, ambazo ni dawa za wasiwasi, ni tofauti. Huongeza nguvu ya kemikali ya ubongo inayotuliza neva, na zikitumiwa kila siku kwa wiki kadhaa, ubongo huizoea breki hiyo. Ikiondolewa ghafla, usingizi hupotea, mikono hutetemeka, moyo huenda mbio, na wakati mwingine huja degedege, ambalo linaweza kuua. Hili humpata hata aliyemeza dawa kama alivyoandikiwa. Kinachowachanganya watu ni kwamba diazepam hukaa mwilini muda mrefu: dalili zinaweza kuchelewa siku kadhaa, mtu akadhani ni ugonjwa wake tu umerudi.

Njia salama ni kupunguza dozi kidogo kidogo chini ya daktari, mara nyingi asilimia 5 hadi 10 kila baada ya wiki 2 hadi 4. Ni polepole, ndiyo. Wengine huchukua miezi. Na pombe isishike nafasi ya kidonge.

Ukitaka kuhakiki, tafuta kwenye boksi jina la dawa yenyewe, si la biashara, kisha soma kwenye kikaratasi cha ndani sehemu inayohusu kuacha dawa, au muulize mfamasia. Aliyekwisha kuacha na sasa anatetemeka au amechanganyikiwa apelekwe hospitali leo hii.