Kwa Wathai, heri imo ndani ya herufi

Kila ninapofundisha majina ya Kithai, wanafunzi huuliza kwanza: "Maana yake nini?" Wazazi wengi wa Kithai wana swali linalotangulia hilo: mtoto kazaliwa siku gani?

Heri kwao ni mongkhon, neno lililotoka katika Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibudha, mangala: kila kivutacho baraka na kukinga mkosi. Kuna elimu nzima ya kuchagua majina ya heri kwa kufuata siku ya kuzaliwa, iitwayo thaksa. Herufi zimegawanywa mafungu manane, na Jumatano huhesabiwa mara mbili, mchana wake na usiku wake, ndipo siku saba zikawa nane. Kila siku ina fungu lake la nuksi, kalakini, lisilotakiwa kuonekana kwenye jina. Aliyezaliwa Jumapili huepuka herufi za sauti s na h. Wa Jumatatu ana mtihani mkubwa zaidi, maana nuksi yake ni irabu zote.

Jina litaandikwaje bila irabu? Kithai kina irabu zinazotamkwa bila kuandikwa. Tazama กมล. Ni k, m, l, basi, nawe unasoma Kamon (l ya mwisho hutamkwa n), yaani yungiyungi. Sikio limesikia irabu mbili, jicho halikuona hata moja, na kalakini huhesabiwa kwa jicho. Hapo ndipo nilipoipenda lugha hii.

Mtoto huyohuyo, nyumbani, huenda akaitwa Mu, nguruwe, au Kop, chura. Tusidhani ni dharau. Wazee husimulia kwamba pepo hawamtamani mtoto mwenye jina baya, kwa hiyo jina hilo la mapenzi ni ngao.

Nje ya majina ya watu, sauti ndiyo hutawala. Mfenesi, khanun, hupandwa nyuma ya nyumba kwa kuwa nun ni kuegemeza, kumpa mtu tegemeo. Tisa, kao, inakaribiana na neno la kupiga hatua mbele, ndiyo maana namba za magari zenye tisa hugombewa mnadani. Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha ule mti wa maua meupe yenye kitovu cha njano. Uliitwa lanthom, na kwa kuwa jina hilo linakaribia rathom, majonzi, watu waliuachia mahekalu, nyumbani hawakuutaka. Ukapewa jina jipya, lilawadi. Leo umejaa kwenye bustani za nyumba na hoteli.