Masega hayabani gari, na sitakutolea

Jumamosi iliyopita mteja wa nne ndani ya mwezi mmoja aliingia gereji na ombi lile lile la kung'olewa masega, kile kisafisha moshi kilicho kwenye bomba la gari: "Fundi, nitolee masega, gari lipumue." Ni mtu mzima mwenye adabu zake, na gari lake dogo la petroli la silinda nne lilikuwa linapanda Kimara kwa shida. Nilimwambia, "Mzee wangu, masega hayajabana gari lako; kuna kitu kinayaua, na hicho ndicho tukitafute." Hakuridhika, kwa sababu alikwisha kuambiwa na watu kadhaa kwamba masega ni mzigo uliowekwa kwa ajili ya nchi za baridi.

Hadithi hiyo ya nchi za baridi imekaa kichwa chini miguu juu. Masega ni tofali la kauri lenye vijitundu kama 60 katika kila sentimita ya mraba, na kuta za vijitundu hivyo zimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita humo, kaboni monoksidi na petroli isiyoungua huishia kuwa kaboni dayoksidi na maji, na oksidi za naitrojeni hurudi kuwa naitrojeni ya kawaida. Kazi hiyo huanza joto linapofika nyuzi 250 hadi 300 hivi, kwa hiyo adui wa masega ni baridi ya asubuhi, wala si jua la Dar es Salaam. Magari ya Marekani yalianza kufungwa masega kwa wingi kuanzia matoleo ya mwaka 1975, na msukumo mkubwa ulitoka California, jimbo la jua, baada ya mwanakemia Arie Haagen-Smit kuonyesha mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwamba ukungu uliokuwa ukiwachoma macho watu wa Los Angeles ulipikwa na jua kutokana na moshi wa magari.

Nakiri kwamba mafundi wazee waliotufundisha kung'oa masega hawakuwa wajinga. Wakati petroli yetu ilipokuwa na risasi, risasi ile iliyafunika madini ya masega hadi yakafa, na gari lililotoka Japani na masega mazima lilikuwa limebeba tofali lisilo na faida. Lakini nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006. Sababu ilikufa, desturi ikabaki.

Kinachonikera zaidi ni kwamba uongo huu una ushahidi. Ni kweli kwamba gari ambalo masega yake yameziba hupata nguvu siku yakitolewa, na mwenye gari hutoka gereji akiamini kwamba ametibiwa. Swali ambalo hakuna aliyemuuliza ni hili: yaliziba kwa nini? Masega hayazibi kwa uzee peke yake. Koili moja, ile inayoipa plagi umeme wa cheche, ikifa, petroli ya silinda ile hupita bila kuungua na kwenda kuwakia ndani ya masega, hadi kauri inayeyuka na kuwa donge. Ringi za pistoni zikichoka, oili huungua na majivu yake huziba vijitundu. Nozeli inayonyunyiza petroli ikivuja ni hivyo hivyo. Ukiyatoa masega ukaiacha koili mbovu, petroli inaendelea kupotea, na sasa unaimwaga barabarani.

Wapo wanaodai kwamba bila masega gari hula mafuta kidogo. Kiasi cha mafuta yanayoingia injini husahihishwa hasa kwa sensa ya oksijeni ya mbele, iliyo kabla ya masega. Sensa ya nyuma kwa sehemu kubwa inayachunga masega yenyewe. Yakitolewa, sensa ya nyuma huwasha taa ya injini, na fundi huizima kwa kuisogeza sensa mbali na moshi au kwa kubadili programu ya kompyuta ya gari. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Naomba pia mwenye gari ajue kwamba masega yana soko kwa ajili ya madini yale, na kwamba fundi anayekushauri uyatoe kisha akabaki nayo anaweza kuwa amelipwa mara mbili.

Watu huniambia, "Lakini gari langu halitoi moshi." Kaboni monoksidi haionekani wala hainuki, nayo hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Simama nyuma ya gari lisilo na masega kwenye foleni ya Tazara na petroli isiyoungua itakuwasha macho kabla hujaona chochote. Muuza maji anayepita katikati ya magari huivuta hewa hiyo kutwa nzima, na mtoto aliyeshikwa mkono na mama yake kando ya barabara ana pua iliyo karibu na bomba kuliko mimi na wewe.

Dizeli ina mambo yake. Moshi wake uliwekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la visababishi vya saratani mwaka 2012, na dizeli ya salfa ndogo, sehemu 50 kwa milioni, ambayo nchi za Afrika Mashariki ziliikubali kuanzia mwaka 2015, haitoshi kama pampu na nozeli hazijapimwa.

Dawa ninayoiamini ni kupima gesi kwenye bomba: gari la petroli lenye masega mazima, likiwa limesimama na injini imepata moto, halipaswi kutoa kaboni monoksidi zaidi ya asilimia 0.3. Mabasi ya mwendokasi hupunguza idadi ya magari, na hilo ni bora kuliko kazi yangu yote. Gesi asilia ni nafuu, lakini anayefunga mtungi huku bomba likiwa tupu bado anatoa oksidi za naitrojeni. Nina mashaka pia na masega mapya ya bei rahisi, yenye madini kiduchu. Nimeyafunga, na taa ikarudi.

Gari la mzee yule nililipima shinikizo la moshi kupitia tundu la sensa ya mbele. Kwenye mizunguko 2,500 ya injini kwa dakika lilivuka paundi 3 kwa inchi ya mraba, kwa hiyo masega yalikuwa yameziba kweli, na koili ya silinda ya tatu ilikuwa imekufa. Nilibadilisha koili na plagi zote nne. Masega mazuri hakuweza kuyamudu mwezi huu, nami nililazimika kuchagua kati ya kumfungia ya rahisi na kumrudisha barabarani na yale yaliyoyeyuka. Nilimfungia ya rahisi, nikamwandikia tarehe ya kurudi kupimwa bomba.